Mama aliugua, alama zikashuka: je, bado niombe chuo kikubwa?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 18, nipo mwaka wa mwisho wa sekondari. Tangu utotoni nataka uhandisi wa mitambo, na tangu nilipopata habari za chuo kinachoitwa MIT kule Marekani, hakuna siku imepita bila kukiwaza. Chaguo langu la pili ni Cambridge, Uingereza. Najua vyote viwili ni vigumu kuingia, na nilikuwa najiandaa kama mtu anayejua hivyo. Katika Hesabu sikuwahi kushuka chini ya A.

Mwaka jana, muhula wa pili, mama aliugua. Alilazwa wiki tatu, akaruhusiwa, akarudishwa tena. Baba anafanya kazi mbali, kwa hiyo nyumbani nilibaki mimi na wadogo zangu wawili. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri nawaandaa, napitia hospitali, ndipo naenda shule. Jioni hivyo hivyo. Sikumwambia mwalimu yeyote, maana mama hakutaka habari zake zisambae. Mtihani wa mwisho wa muhula ulipofika nikapata C ya Hesabu na C ya Fizikia. Muhula uliofuata nikapata B zote mbili, na huu uliopita nimepata A ya Hesabu na B ya Fizikia. Mama sasa anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu.

Shangazi, tatizo ni mimi. Kuna tovuti zinazokokotoa nafasi ya mtu kudahiliwa: unajaza alama zako, zinakupa asilimia. Yangu ilitoka 2. Nikaiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya meza yangu, nikidhani itanipa hasira ya kusoma. Sasa kila nikikaa naiona yenyewe tu. Nikiibadilisha ile C ya Hesabu kuwa A, kikokotoo kinapanda hadi 4. Nimefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba naona aibu kusema. Usiku nalala masaa manne, na hayo manne siyo ya usingizi.

Halafu nasoma habari za wenzangu waliokubaliwa. Mmoja ameshinda mashindano ya roboti, mwingine ameanzisha shirika. Mimi kwa mwaka na nusu shughuli yangu nje ya darasa imekuwa kupika, kufua na kukaa kwenye benchi la wodi.

Baba anasema niombe MIT peke yake, kwa sababu anayejiwekea njia ya kurudi nyuma hafiki. Mwalimu wangu wa Fizikia anasema nisijisumbue, nitafute vyuo vya saizi yangu. Rafiki yangu anasema nisieleze chochote kuhusu hizo C, wataona natafuta huruma.

Naomba uniambie ukweli hata kama unauma. Hizo C mbili zimenifungia mlango? Nieleze au ninyamaze? Na wakinikataa, ndiyo basi tena?

Binti asiyelala

---

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kipindi ulichopitia, na mpe mama salamu zangu.

Kabla hujasoma mbele, inuka uibandue hiyo karatasi. Sisemi hivyo kwa sababu nafasi ya kuingia MIT ni kubwa kuliko ulivyodhani. Ni ndogo kweli. Mwaka 2024 waombaji wao walizidi 28,000 na waliokubaliwa hawakufika 1,300, yaani chini ya watu 5 katika kila 100. Kwa wanaoomba kutoka nje ya Marekani mlango ni mwembamba zaidi, maana darasani wao huwa karibu mmoja tu kati ya kumi, na wanaoomba ni maelfu. Hayo yote ni kweli na huna sababu ya kufichwa.

Lakini namba hiyo inaelezea umati mzima, haikuelezi wewe. Kikokotoo hakijui kwamba mama alilazwa. Hakijui shule yako inafundisha nini na haifundishi nini, hakijui mwalimu wako ataandika nini, hakijui kwamba baada ya C ulipanda B halafu A. Kilichukua kiwango cha chuo, kikakipunguza kidogo kwa ajili ya zile C, kikakurudishia. Wewe ni mtoto wa Hesabu. Ukipewa mlinganyo wenye herufi kumi usizozijua, ukatajiwa thamani ya mbili tu, utasema umepata jibu? Basi hiyo 2 yako si jibu, na ile 4 uliyoipata kwa kufuta C nayo si jibu. Usiku wote huo umekuwa ukilinganisha kitu kisichokuwepo na kitu kingine kisichokuwepo.

Sasa nikuhadithie jambo lililojulikana mahakamani. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na kesi kuhusu namna kinavyochagua wanafunzi, na takwimu za ndani zikawekwa mezani. Katika mwaka mmoja wa udahili, kati ya waombaji wapatao 26,000 wa ndani ya Marekani, zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa alama darasani, na zaidi ya 3,400 walipata alama zote za sehemu ya Hesabu katika SAT, mtihani unaofanywa na wanaoomba vyuo vya Marekani. Nafasi za kukubaliwa hazikuzidi 2,000 hivi. Piga hesabu mwenyewe uone ni watoto wangapi wasio na C hata moja walipokea barua ya kukataliwa.

Nakuambia hayo kwa sababu nimeona kitu katika barua yako ambacho nimekiona kwa wanafunzi wengi niliowafundisha. Umeshaandaa maelezo ya kukataliwa kabla hujaomba. Ukikataliwa utasema ni zile C, na chini yake, ingawa hukuliandika, utasema ni kwa sababu mama aliugua. Mwanangu, usimbebeshe mama mzigo huo hata kwa mawazo. Ungeweza kuwa na A tupu na bado ukakosa, kama walivyokosa maelfu wa Harvard.

Haya, sasa kuhusu zile C zenyewe, maana sitaki kukudanganya kwamba hazina uzito. Zina uzito. Ungekuwa unaomba historia, C ya Fizikia ningeipita haraka. Wewe unaomba uhandisi, na Hesabu na Fizikia ndiyo mikono miwili ya uhandisi. Anayesoma fomu yako atasimama hapo. Swali lake litakuwa moja: huyu alishindwa na somo, au alishindwa na muhula? Kazi yako ni kumpa jibu la swali hilo. Kutoonekana na C si kazi yako, na wala haiwezekani.

Jibu lenyewe sehemu kubwa tayari unalo. Vyuo vya namna hii havisomi alama kama mtu anayejumlisha bili. Vinasoma mfululizo: umetoka wapi, uko wapi sasa. Tena vinaisoma alama ndani ya shule yako. Kwa vyuo vya Marekani, pamoja na matokeo yako shule hutuma maelezo yake yenyewe: inatoa masomo gani, inapangaje alama, wanafunzi wake kwa kawaida hupata nini. A kutoka shule ambako nusu ya darasa hupata A haisomwi sawa na A kutoka shule ambako wanaipata wawili. Kama shule yako haijawahi kutuma mwanafunzi kwenye vyuo hivyo, huenda hawana karatasi ya namna hiyo kabisa. Nenda kwa mwalimu wa taaluma umwombe mapema iandikwe, hata kurasa mbili. Wengi hawalijui hili, na linawagharimu.

Mfululizo wako ni A, kisha C, kisha B, kisha A ya Hesabu. Huo ni mstari wa mtu aliyeanguka akainuka. Fizikia bado iko B, na hapo ndipo ningeweka nguvu zako za miezi hii, kwa sababu alama za mwaka wa mwisho nazo husomwa. MIT huomba matokeo ya katikati ya mwaka mwezi Februari, baada ya fomu kufungwa mwanzoni mwa Januari. Maana yake unapotuma fomu hujamaliza kusema.

Kisha kuna ushahidi wa pembeni, na hapa uwe makini sana. MIT walirudisha sharti la mtihani wa SAT, au mwenzake ACT, mwaka 2022, baada ya kulisimamisha wakati wa korona. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba mtihani unawasaidia kumtambua mtoto aliye tayari kwa hesabu zao hata kama shule yake haina madarasa ya juu. Kwa wengi SAT ni mzigo wa ziada. Kwako wewe ni nafasi ya kuzungumza. Ukipata alama za juu sana sehemu ya Hesabu, ile C ya muhula mmoja inaanza kusomeka yenyewe kama ajali. Cambridge nao kwa uhandisi wanafanyisha mtihani uitwao ESAT, na alama wanazodai kwa kawaida kwa masomo hayo katika mtihani wa A-level ni A*A*A (A* iko juu ya A), au zinazolingana na hizo kwa mitaala mingine. Hapo hakuna insha itakayokusaidia kukwepa. Ni kukaa na maswali. Ukihesabu masaa uliyotumia kwenye kikokotoo ukayahamishia huko, utashangaa.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa: ueleze au unyamaze?

Eleza. Rafiki yako anakutakia mema ila amekosea. Ukinyamaza, msomaji hataacha pengo wazi, atalijaza kwa kubahatisha, na kubahatisha kwake hakutakupendelea. Kutafuta huruma ni kitu kingine kabisa. Anayetafuta huruma huandika ukurasa mzima wa machozi kisha anaomba asamehewe alama. Wewe utaandika mistari minne mitano yenye tarehe, tukio, matokeo na kilichofuata, halafu unafunga kalamu. Kwa mfano:

"Katika muhula wa pili wa mwaka jana mama yangu alilazwa mara mbili. Baba alikuwa kazini mbali na nyumbani, hivyo niliwatunza wadogo zangu wawili na kumhudumia mama kabla na baada ya masomo. Alama zangu za Hesabu na Fizikia zilishuka hadi C. Mama alipopata nafuu nilirudi katika ratiba yangu ya kawaida, na muhula uliopita nimepata A ya Hesabu na B ya Fizikia."

Umeona? Hakuna "naomba mnielewe", hakuna "kwa bahati mbaya sana". Matukio yenyewe yanatosha. Mahali pa kuyaweka papo: fomu za vyuo vya Marekani zina sehemu ya maelezo ya ziada, na hii ndiyo kazi yake. Usiyapeleke kwenye insha yako kuu, isipokuwa kipindi kile kilikubadilisha kiasi kwamba huwezi kujieleza bila kukitaja. Nimesoma insha nyingi za wanafunzi ambamo mgonjwa ndiye mhusika mkuu na mwandishi haonekani. Wanaochagua wanamchagua mwandishi.

Ila maelezo yako yatakuwa na nguvu mara mbili yakithibitishwa na mtu mzima. Hapa ndipo siri ya mama inapokutana na fomu yako, na naielewa siri hiyo. Ugonjwa ni jambo la mtu na heshima yake. Lakini mwalimu asiyejua hawezi kukutetea. Fomu ya UCAS, ambayo ndiyo utaombea Cambridge, ina mahali maalumu ndani ya maelezo ya mwalimu kwa ajili ya mazingira magumu yaliyoathiri masomo ya mwanafunzi. Mahali hapo pamewekwa kwa watu kama wewe, na patabaki patupu kama hakuna mwalimu anayejua. Si lazima ataje jina la ugonjwa. "Mzazi wake aliugua sana kwa miezi mitatu na yeye ndiye aliyebaki na familia" inatosha.

Niongeze neno kuhusu mwalimu wako wa Fizikia. Anayekuambia utafute chuo cha saizi yako ameona C ikitua kwenye daftari lake la alama bila kujua ilikotoka. Kwa alichokijua, hakukosea. Nenda ukamwambie. Nilishawahi kuwa yeye: miaka ya nyuma nilimpuuza kijana mmoja aliyeanza kusinzia darasani, nikamwandikia maelezo makavu, nikaja kujua mwaka uliofuata kwamba alikuwa analinda mlango wa mtu usiku ili apate ada. Hadi leo naumia. Kama angeniambia, au mimi ningemuuliza, barua ile ingekuwa nyingine. Mpe mwalimu wako nafasi ambayo mimi sikuipata. Akishajua halafu bado akasema hawezi kukuandikia vizuri, hapo utafute mwingine, na wa Hesabu ndiye wa kwanza kumwendea, kwa sababu yeye amekuona ukishuka na amekuona ukipanda.

Sasa nije kwenye maneno yaliyoniuma zaidi katika barua yako yote: kwamba shughuli yako ni "kupika, kufua na kukaa kwenye benchi la wodi", umeyaandika kama mtu anayekiri kosa.

Mwanangu, ile fomu ya pamoja inayotumiwa na mamia ya vyuo vya Marekani, Common App, ina orodha ya aina za shughuli anazochagua mwombaji, na majukumu ya kifamilia ni mojawapo. Yamo rasmi, pembeni ya muziki na michezo. MIT hawatumii fomu hiyo, wana ya kwao, na humo wanataka shughuli chache tu zilizo muhimu kwako, wala hawaombi nyingi. Hiyo ni habari njema kwa mtu ambaye muda wake wote ulichukuliwa na kitu kimoja kikubwa. Andika: nimeendesha nyumba ya watu wanne, masaa mangapi kwa wiki, kwa miezi mingapi. Andika ulivyopanga dawa na saa za kuwachukua wadogo zako. Kama ulitengeneza kitu chochote, hata ratiba ya dawa kwenye simu, hata kifaa cha kumwezesha mama afike kitu bila kuinuka, kiandike, maana mhandisi anaonekana hapo. Lakini usibuni. Anayesoma fomu elfu anajua harufu ya kitu kilichobuniwa.

Tena unasoma habari za washindi wa roboti kana kwamba vyuo vyote vinataka kitu kimoja. Havitaki. Cambridge mambo ya nje ya darasa wanayahesabu kidogo sana yasipohusiana na somo lenyewe. Wanataka kujua kama unapenda uhandisi kiasi cha kuusoma pasipo kulazimishwa, na kama unaweza kufikiri mbele yao kwenye usaili wa Desemba wakikupa swali hujawahi kuliona. Maelezo binafsi ya UCAS siku hizi yana maswali matatu, yote pamoja yasizidi herufi 4,000: kwa nini unataka somo hilo, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umejiandaaje. Mama anaweza kuingia kwa sentensi moja kwenye lile la tatu. Mawili ya kwanza yawe ya mitambo. Ukituma maneno yale yale Marekani na Uingereza, mmoja wao utakuwa umemwandikia barua isiyo yake.

Kumbuka pia tarehe. Cambridge hufunga katikati ya Oktoba, mapema kuliko vyuo vingi vya Uingereza, na mtihani wa ESAT una siku zake za kujiandikisha kabla ya hapo. Kila mwaka kuna watoto wazuri wanaoipoteza Cambridge kwa kukosa kujiandikisha tu.

Kuhusu baba, nitasema kwa heshima kwa kuwa ni mzazi na anakupenda. Kauli yake ni nzuri kwa askari, kwa mwombaji wa chuo haifai. Mahali ambapo wanakataliwa watu 95 kati ya 100, wengi wao wakiwa wanafunzi bora wa shule zao, kuomba hapo peke yake hakuongezi nafasi yako hata kidogo. Afisa udahili hajui umeomba wapi kwingine na hakupi alama za ujasiri. Kinachobadilika ni kimoja tu: ukikosa, unakaa nyumbani mwaka mzima. Mwambie baba hivi, kwa upole, na umwonyeshe orodha.

Orodha yenyewe iwe na MIT na Cambridge, sitaki uzitoe. Nakwambia uombe zote mbili, mwalimu wako aseme asemavyo, kwa sababu kazi ya kukataa ni yao na usiwafanyie wewe. UCAS inakuruhusu vyuo vitano kwa jumla, ila Cambridge na Oxford huwezi kuziweka zote mwaka mmoja. Basi hizo nafasi nne zinazobaki zitumie kwa akili: viwili ambavyo alama zako za sasa zinalingana na wanachodai, na viwili ambavyo unavizidi. Fanya hivyo hivyo kwa vyuo vya nchi yako. Na katika vile unavyovizidi, chagua unavyoweza kweli kuvipenda. Soma kozi zao, tazama karakana zao, uliza wanaohitimu wanakwenda wapi. Chuo cha akiba usichokitaka hakikusaidii kulala.

Jambo la fedha usiliache mwisho. Kwa mwombaji wa kigeni, vyuo vingi vya Marekani hutazama uwezo wa kulipa wakati wa kuamua. Vichache havifanyi hivyo hata kwa wageni, na MIT na Harvard vimo humo. Kwa hiyo chuo cha Marekani chenye kiwango kikubwa cha kukubali kinaweza kuwa kigumu zaidi kwako kuliko kinavyoonekana ikiwa unahitaji ufadhili mkubwa. Usikiite rahisi kabla hujajua sera yake.

Umeuliza kama wakikukataa ndiyo basi. Watafiti wawili, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu watu walioanza chuo mwaka 1976. Waliwalinganisha waliosoma vyuo vya kuchuja sana na waliokuwa na sifa na maombi yanayofanana nao lakini wakasoma vyuo visivyochuja hivyo. Baadaye kipato chao kwa wastani hakikutofautiana sana. Waliofaidika wazi na chuo kikubwa walikuwa wanaotoka familia za kipato cha chini. Utafiti mwingine wa mwaka 2023, wa Raj Chetty na wenzake, ulikuta karibu hivyo kwa kipato cha wastani, lakini ukaona vyuo vile vichache vya juu kabisa vinaongeza nafasi ya mtu kufika kwenye kilele cha kilele cha wenye kipato. Sikufichi upande wowote. Chuo kikubwa kina faida, na kama nyumbani hakuna uwezo faida hiyo inaweza kuwa kubwa zaidi kwako, ndiyo maana nasema uombe. Lakini yule aliyestahili akakosa, akasoma kwa bidii kwingine, maisha yake hayakuharibika. Wamehesabiwa na wameonekana.

Siku ya majibu itakuja. MIT hupenda kuyatoa tarehe 14 Machi, kwa mapenzi yao ya ile namba pai, 3.14, maana Wamarekani huanza na mwezi wanapoandika tarehe. Panga leo siku hiyo utakuwa na nani. Usiyafungue peke yako usiku.

Na usingizi, mwanangu. Masaa manne hayatoshi mtu anayetaka kuipandisha Fizikia kutoka B. Yale uliyosoma mchana hayakai kichwani bila kulala. Kama wiki mbili zikipita umejaribu kulala mapema na moyo bado unaenda mbio, mwambie mtu mzima mkaonane na daktari au mshauri. Ulimhudumia mgonjwa miezi mingi na hakuna popote ulipoandika kwamba kuna mtu alikuuliza wewe uko vipi.

Nimalizie na mama. Ile mistari mitano kuhusu kuugua kwake, kabla hujampelekea mwalimu wala kuijaza kwenye fomu, mpelekee yeye aisome. Aliomba habari zake zisisambae, kwa hiyo ruhusa ni ya kwake kuitoa, na pengine hajui hata kidogo kwamba zile C zilitokana na nini. Kaa naye. Akisema kuna neno halipendi, libadilishe hapo hapo mbele yake.